Wauguzi wa 2032 Wako Darasani Leo



Tumekuja kuzungumza habari ya hesabu, na twajua kuwa watu wengi wakisikia neno hesabu huanza kuutazama mlango. Twawaomba mkae. Hesabu ya leo yamhusu kila mama atakayeshikwa na uchungu usiku wa manane, na kila mzee atakayelazwa hospitali akihitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Yatuuliza hivi: siku hiyo ikifika, atakuwapo mwuguzi? Na kama hatakuwapo, ni nani aliyepaswa kulijua jambo hilo mapema, naye akanyamaza?

Taifa letu lilipopata Uhuru katika 1961 lilitangaza vita na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika vita ya maradhi, jenerali aweza kuwa daktari, lakini askari wa mstari wa mbele ni mwuguzi na mkunga. Huyo ndiye akaaye na mgonjwa usiku na mchana. Ndiye atoaye dawa, asafishaye kidonda, apokeaye mtoto. Jeshi lisilojua idadi ya askari wake haliwezi kushinda vita. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata watu bila daftari hupotea bila habari.

TULIKOTOKA

Yafaa tukumbuke tulikotoka, ili mtu asitudanganye kwamba upungufu huu umeshuka kutoka mbinguni.

Mkoloni alipoondoka, Waafrika wa Tanganyika waliokwisha kuhitimu udaktari walikuwa 12 tu. Hao 12 ndio waliotakiwa kuihudumia nchi inayoanzia bahari ya Hindi hadi ziwa Tanganyika. Hilo halikuwa bahati mbaya. Kufundisha daktari huchukua miaka mingi, na waliotutawala hawakuwa na haja ya kuanza kuihesabu miaka hiyo kwa ajili yetu. Ndiyo maana nchi ilianza kuihesabu yenyewe. Katika 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam. Katika 1964 wataalamu walioongozwa na Profesa Richard Titmuss walitoa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika, wakashauri kwamba nchi yenye wakulima wengi hivi haiwezi kutegemea mahospitali makubwa ya mijini peke yake. Yahitaji vituo vya afya karibu na watu, na watumishi wengi wa ngazi za kati wa kuviendesha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 fedha na watumishi walielekezwa zaidi vijijini, na katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilienea mahali ambapo zamani mgonjwa alichukuliwa kwa machela.

Lakini sikilizeni sura ya pili ya hadithi hiyo. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, na wakopeshaji wa nje wakatutaka tubane matumizi, Serikali ilisimamisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 desturi ya kuwaajiri moja kwa moja wote waliohitimu vyuo, na watumishi wengi wakapunguzwa kazini. Basi tazameni daftari. Sensa ya 1988 ilihesabu Watanzania milioni 23. Sensa ya 2002 ilihesabu milioni 34. Watu milioni 11 waliongezeka, na katika muda huo huo idadi ya watumishi wa afya ilishuka. Kila mwaka ambao hakuna aliyeajiriwa huacha pengo, na pengo hilo halionekani mwaka ule ule. Huonekana baada ya miaka 10 au 15, wakati yule ambaye angekuwa mwuguzi mzoefu, mwenye kuwafundisha wadogo zake wodini, hayupo.

Na wala msidhani hakukuwa na watu walioonya. Katika 2007 watafiti walichapisha hesabu juu ya watumishi wa afya wa Tanzania, wakaitazama mbele hadi 2015, wakaonyesha kwamba watumishi watakaokuwapo watapungukiwa mno na kazi itakayokuwapo. Mwaka huo huo nchi ilianza Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ambao wengi wanaujua kwa jina la MMAM, wenye lengo la zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Lengo lilikuwa jema kabisa. Lakini kila zahanati mpya huzaliwa ikilia kama mtoto mchanga, na kilio chake ni kimoja: nipeni mwuguzi.

HESABU YA SONGWE

Sasa tuje nyumbani. Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa katika 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na Vwawa ikawa makao yake makuu. Sensa ya 2012 ilihesabu katika wilaya hizi watu 998,862. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,344,687. Yaani katika miaka 10 tumeongezeka watu 345,825. Ni kama kwamba kwa kila watu watatu waliokuwapo, wa nne amekuja akaketi mezani.

Tukiendelea kwa mwendo huo huo, wakati wa sensa ya 2032 tutakuwa kiasi cha watu 1,810,000. Hesabu hii si utabiri wa mnajimu; ni kuzidisha tu. Watoto wengi wa hesabu hiyo wamekwisha kuzaliwa, na mama zao wamo humu humu mkutanoni.

Watu hao wahitaji watumishi wangapi? Shirika la Afya Duniani lilitoa katika 2006 kipimo kimoja: madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000. Lilisema kwamba chini ya hapo nchi hushindwa kuwapatia wengi wa akina mama mtaalamu wa kuwazalisha. Baadaye, katika 2016, likatoa kipimo kikubwa zaidi cha 4.45 kwa kila watu 1,000, kwa kuwa kazi ya hospitali siyo uzazi tu. Kuna kisukari, shinikizo la damu, UKIMWI na saratani.

Tupime kwa kipimo kile kidogo. Kwa watu wa 2022 Songwe ilihitaji madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 3,070. Kwa watu wa 2032 itahitaji kiasi cha 4,130. Tukipima kwa kipimo kikubwa, ni 5,980 kwa 2022 na 8,060 kwa 2032. Kwa hiyo, hata tungejaliwa kuwa na watumishi wote waliotakiwa katika 2022, bila kupungua hata mmoja, bado ingetupasa kuongeza zaidi ya 100 kila mwaka kwa kipimo kidogo, au zaidi ya 200 kila mwaka kwa kipimo kikubwa, ili tubaki pale pale tulipo.

Na kuna wanaotoka. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Mwuguzi aliyeanza kazi na miaka 25 ana miaka 35 ya kutumika. Basi tufanye mfano: mkoa una wauguzi 1,000 wa rika zote. Kwa uzee peke yake, wapatao 30 watatoka kila mwaka. Watu nao huongezeka kiasi cha 3 kwa kila 100 kila mwaka, kwa hiyo wauguzi wengine 30 wahitajika kwa ajili ya watu wapya. Jumla ni 60. Mwaka ambao mkoa huo umeajiri wauguzi 40, gazeti litaandika kwamba wauguzi 40 wameongezwa, na watu watapiga makofi. Lakini daftari litasema tumerudi nyuma kwa 20.

Hilo ndilo twataka mlishike leo kuliko yote. Msiulize tu, wangapi wameajiriwa? Ulizeni pia, wangapi wametoka, na watu wangapi wamezaliwa?

MWUGUZI MMOJA SI MMOJA

Wapo wanaosema, "Zahanati yetu ina mwuguzi, basi imetosha." Hebu tuitazame kauli hiyo.

Mwaka una siku 365. Ondoa siku za mapumziko ya kila juma, ambazo ni 104. Ondoa likizo ya mwaka, siku 28. Ondoa sikukuu, kiasi cha siku 17. Ondoa siku kama 10 za kuugua, kufiwa na kwenda mafunzo. Zimebaki siku 206. Kwa kazi ya saa 8 kwa siku, hizo ni saa 1,648 kwa mwaka.

Lakini maradhi hayana likizo. Mwaka mzima, usiku na mchana, una saa 8,760. Gawanya kwa 1,648. Jibu ni zaidi ya 5. Maana yake, ili pawe na mwuguzi mmoja, mmoja tu, aliye macho saa zote mahali pamoja, wahitajika wauguzi 5 na ushei. Mahali penye wauguzi wawili pametakiwa kuwa na mlango uliofungwa sehemu kubwa ya usiku. Na kama mlango haufungwi, jueni kuna mtu anafanya kazi ya watu wawili au watatu, na usingizi wake ndio unaolipa deni letu.

Njia ya kuhesabu kwa kufuata kazi namna hii siyo ngeni. Shirika la Afya Duniani lina kitabu chake cha mwongozo kinachopima watumishi kwa wingi wa kazi yenyewe, badala ya kugawa tu vichwa kwa majengo, na njia hiyo imetumika hata hapa Tanzania. Serikali nayo ina ikama, yaani orodha ya watumishi wanaostahili kuwapo katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali. Ikama siyo siri ya ofisini. Ni ahadi iliyoandikwa, na mwananchi ana haki ya kuisoma na kuilinganisha na nyuso anazoziona.

USHINDI NAO HULETA KAZI

Ndugu wananchi, tusiwe watu wa kulalamika tu. Yako mema makubwa. Uchunguzi wa taifa wa 2015 na 2016 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556 kwa sababu za uzazi. Uchunguzi wa 2022 ulikadiria 104. Katika muda huo, waliojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka 63 katika kila 100 hadi 81. Hapo kuna jasho la wakunga wengi ambao majina yao hayajapata kuandikwa mahali popote.

Lakini fikirini maana yake. Mama aliyekuwa akijifungulia nyumbani sasa yuko wodini. Ni jambo jema, na ni kazi. Mtoto aliyekuwa akifa sasa anaishi, anachanjwa, anapimwa uzito. Ni jambo jema, na ni kazi. Katika 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mtu aliyekuwa akibaki nyumbani na homa kwa kukosa fedha, akiwa na bima atakwenda hospitali. Hilo nalo ni jambo jema sana, na ni kazi. Kila hatua ya maendeleo ya afya huongeza foleni mlangoni. Nchi ikiongeza haki za wagonjwa bila kuongeza mikono ya kuwahudumia, haki hiyo itageuka kuwa karatasi, na hasira ya mwenye karatasi itamwangukia mwuguzi aliyekuwa peke yake zamu.

VYEO NA MISHAHARA

Sasa twafika penye fundo. Watu wengi hudhani upungufu wa wauguzi maana yake vijana waliosoma uuguzi hawapo. Si kweli yote. Mara nyingi vijana wapo, wamehitimu, wana vyeti, wako nyumbani kwa wazazi wao wakiuza vocha za simu. Na zahanati iko tupu umbali wa saa moja. Kilichokosekana katikati ni nafasi ya kazi yenye mshahara.

Mwajua yaliyotokea katika 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma, na mwezi Machi Serikali yetu ikakubali kupeleka huko madaktari 500. Shauri likaenda mahakamani Kenya, safari ikakwama. Mwezi Aprili Rais Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe hapa hapa. Twauliza: madaktari hao 258 walitoka wapi? Walikuwapo. Walikuwa wanangoja. Na hospitali zetu nazo zilikuwa zinangoja. Wawili waliokuwa wakitafutana walikaa nyumba moja bila kukutanishwa.

Kwa hiyo anayetabiri upungufu hana budi kupima mambo mawili mbali mbali: idadi ya wanaohitimu, na idadi ya nafasi zitakazolipiwa. Vyuo vikijaa na bajeti ikikauka, tutakuwa na wauguzi mitaani na wagonjwa sakafuni. Bajeti ikijaa na vyuo vikikauka, nafasi zitatangazwa na hazitapata mtu. Mambo hayo mawili ni kama maksai wawili wa plau moja. Mmoja akilala, shamba halilimwi.

Na liko fundo la pili. Baadhi ya watumishi katika huduma za UKIMWI na kifua kikuu walilipwa na miradi ya nje. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na miradi mingi ikatikisika kwa siku chache tu. Mkoa kama wetu, wenye barabara kuu na mpaka, hauwezi kulichukulia hilo kama habari ya mbali. Tangu 1967 tuliambiwa kwamba fedha za kuomba si msingi wa kujengea. Katika daftari la watumishi wa afya, wale wanaolipwa na mgeni waandikwe ukurasa wa peke yao, ili tujue siku mgeni akiondoka ni vitanda vingapi vitabaki bila mtu.

DUNIA NAYO YATAFUTA

Msidhani ni sisi peke yetu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 ilisema kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 katika 2023, na bado ilipungukiwa na milioni 5.8. Ilikadiria kwamba katika 2030 upungufu utakuwa milioni 4.1, na mzigo mkubwa utakuwa katika kanda za Afrika na Mashariki ya Mediterania. Nchi tajiri nazo zinazeeka. Katika nchi hizo wauguzi 23 kwa kila 100 wamezaliwa nchi nyingine. Yaani wanachuma katika shamba ambalo hawakupalilia. Jirani zetu Kenya walitia saini na Uingereza katika 2021 mapatano ya kupeleka wauguzi huko.

Nchi za dunia zilikubaliana katika 2010 juu ya mwenendo mwema wa kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine. Katika 2023 shirika hilo lilitaja nchi 55 ambazo watumishi wake wasiandamwe kwa kuajiriwa nje, na Tanzania imo katika orodha hiyo. Lakini orodha haimfungi mtu miguu, na wala haifai imfunge. Hatukupigania Uhuru ili mwuguzi afungiwe ndani ya mipaka. Mtu huondoka kwa sababu ya mshahara, nyumba, heshima, na tumaini la kupanda cheo. Nchi inayotaka abaki impe sababu za kubaki. Kumwita msaliti ni rahisi, lakini hakujaza zamu ya usiku.

WASTANI HUDANGANYA

Liko jambo jingine la mkoa wetu wenyewe. Mkisikia kwamba Songwe ina wauguzi kadha wa kadha kwa kila watu 1,000, ulizeni: wako wapi?

Tunduma ilikuwa na watu wasiofika 100,000 katika 2012. Katika 2022 walipita 200,000. Hao ni wakazi tu. Madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Zambia na Kongo, wachuuzi, na majirani wa Nakonde, wote huumwa homa kama watu wengine, lakini hawamo katika sensa ya Tunduma. Anayepanga wauguzi wa Tunduma kwa idadi ya zamani anapanga shati la mtoto kwa mtu mzima.

Upande wa pili iko Momba, kule bondeni kuelekea ziwa Rukwa, penye joto, mbu, na njia mbaya wakati wa masika. Iko Ileje yenye milima, ambako kilomita chache za ramani ni nusu siku ya miguu. Huko watu ni wachache kwa kila kituo, na mwenye kalamu aweza kusema mwuguzi mmoja amewatosha. Lakini tumekwisha kuona kwamba mmoja si mmoja. Na huyo mmoja akipangiwa chumba cha kupanga kisicho na maji, mbali na mwenziwe na shule ya wanawe, ataomba uhamisho kabla mvua za pili hazijanyesha. Nasi tutamlaumu yeye, badala ya kulaumu paa linalovuja.

Hospitali za misheni kama ya Mbozi na ya Isoko ziliwahudumia watu wetu tangu zamani, na zingali zikihudumia. Hizo nazo ziingie katika daftari moja na za Serikali, maana mgonjwa hamwulizi mwuguzi analipwa na nani.

TUJIFUNZE KWA MKAHAWA

Ninyi wakulima wa Mbozi hamhitaji profesa kuwafundisha jambo hili. Mnajua kuwa mche wa kahawa uliopandwa leo hauchumwi kesho. Mwenye busara huitazama mikahawa yake mikuukuu, akajua ipi itachoka, akatengeneza kitalu miaka kadhaa kabla. Mjinga hungoja hadi shamba limekauka ndipo aende kuomba miche kwa jirani.

Mwuguzi naye ana kitalu chake. Mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza katika 2025 atamaliza Kidato cha Nne katika 2028. Akifaulu na kupata nafasi chuoni katika 2029, atasoma stashahada ya uuguzi miaka 3, atahitimu katika 2032. Hesabuni wenyewe: mwuguzi mpya wa mwaka wa sensa ijayo yumo sasa hivi katika shule zetu za sekondari. Hawezi kuagizwa kwa simu katika 2031.

Na ili aingie chuo hicho ahitaji kufaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Basi shule isiyo na maabara, au isiyo na mwalimu wa Kemia, inapunguza wauguzi wa 2032 leo hii, kimya kimya, bila mtu kuandika taarifa yoyote. Mzazi anayemwoza binti yake wa Kidato cha Pili kwa ng'ombe, naye anapunguza. Huenda amemwoza yule yule ambaye angempokea mjukuu wake salama.

YATUPASAYO

Basi tufanye nini? Twataja mambo matano, nayo yawezekana.

Kwanza, kila halmashauri ya mkoa huu ibandike ubaoni, kila mwaka, mistari minne: ikama inataka wauguzi wangapi, waliopo ni wangapi, watakaostaafu katika miaka 5 ijayo ni wangapi, na wanaolipwa na miradi ni wangapi. Karatasi moja yatosha. Diwani asiyeweza kuitetea karatasi hiyo mbele ya watu na aulizwe anatetea nini.

Pili, tusikubali jengo lizinduliwe bila watumishi wake kutajwa. Katika miaka ya karibuni vituo vingi vya afya vimejengwa nchini, vingine kwa fedha za tozo za miamala ya simu za 2021. Ni vizuri. Lakini siku ya kukata utepe wananchi waulize: nani atalala hapa usiku wa leo?

Tatu, kijiji kinachotaka mwuguzi kianze na nyumba yake. Matofali twafyatua wenyewe, mchanga tunao, nguvu tunazo. Nyumba yenye maji na taa karibu na zahanati ni mshahara wa pili.

Nne, tusichanganye msaada na mbadala. Katika Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa jamii 137,294 kwa nchi nzima katika miaka 5. Hao wana kazi kubwa: kupita nyumba kwa nyumba, kufundisha, kugundua ugonjwa mapema. Lakini watagundua wagonjwa zaidi, na wagonjwa hao watapelekwa kwa mwuguzi. Anayesema kwamba wahudumu hao wanaondoa haja ya wauguzi hajafikiri hadi mwisho.

Tano, na hili halina gharama hata senti: heshima. Mwuguzi aliyechoka aweza kukosa maneno matamu. Akikosea, iko njia ya kushtaki, na liko Baraza la Uuguzi na Ukunga. Lakini matusi mlangoni hayaongezi zamu, na binti zetu wanasikia. Kama kazi hii twaitukana mbele yao, nani ataipenda?

Ndugu wananchi, hesabu haimponyi mgonjwa. Kutabiri upungufu na kukaa kitako ni sawa na mtu aonaye mvua inakuja akabaki kuisifu wingu. Lakini asiyehesabu hata kuona wingu haoni. Sisi tumeliona. Miaka hii michache iliyobaki kabla ya 2032 ni yetu, ama tuitumie, ama itutumie.

Basi na turudi nyumbani tukiwa na swali moja la kuuliza katika kila mkutano wa kijiji, kila kikao cha kata, kila baraza la halmashauri, hadi tuchokwe: wauguzi wetu wa 2032 ni wangapi, wako shule gani leo, na mshahara wao umeandikwa katika kitabu gani?